Msalaba wa Kuchovya

Mama alifungua kiganja, akauweka msalaba juu ya meza ya sonara. Ilikuwa Arusha, kwenye vibanda vya masonara mitaa ya karibu na Soko Kuu, saa za mchana wateja wakiwa wachache. Msalaba ulikuwa bado na rangi ya dhahabu pembeni, lakini katikati ulishakuwa mwekundu. Shingoni kwake kulikuwa na alama ya kijani na vipele vidogo vidogo.

"Fundi, nisaidie. Unaniwasha. Nataka uuchovye tena."

Sonara akaugeuza, akaukwaruza kidogo nyuma kwa ncha ya tupa. "Mama yangu, hii ni shaba. Nikichovya leo, baada ya muda utarudi tena. Afadhali uupumzishe, nikutengenezee wa fedha."

"Siwezi kuupumzisha. Uliombewa. Nilipoununua kule mkutanoni tuliambiwa tusiuvue."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na ukiuyeyusha, yale maombi yanakwenda wapi?"

Sonara hakuwa na jibu. Swali hilo halijaniacha kwa wiki kadhaa sasa.

Kinachonisumbua zaidi ni hili: mama alikuwa anaumwa na kitu alichokivaa kwa ajili ya kulindwa, na alikuwa anaogopa kukivua.

Tuanze na madini yenyewe

Msalaba unaouzwa kwa rangi ya dhahabu mara nyingi una tabaka tatu. Ndani kuna shaba, ama tupu ama iliyochanganywa na zinki. Juu yake kuna nikeli, inayowekwa ili uso uwe laini na ung'ae. Juu kabisa kuna dhahabu, na hiyo dhahabu ya kuchovya kwa kawaida haifiki hata nusu ya mikroni, yaani nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa karibu mikroni 70. Pima mwenyewe hapo.

Dhahabu hiyo huanza kuisha pale panaposuguliwa: mgongo wa msalaba unaogusa kifua, na ncha za mikono yake. Ikiisha, nikeli inagusa ngozi, na nikeli ndiyo inayowawasha watu wengi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuwekea kikomo nikeli ya vito vinavyogusa ngozi tangu 1994, kwa sababu hii hii. Nikeli nayo ikiisha, shaba inakutana na jasho na chumvi yake, ndipo inakuja ile rangi ya kijani. Kijani kinaoshwa kwa sabuni na hakina madhara makubwa. Vipele ndivyo vya kuangaliwa, maana ngozi ikishaizoea vibaya nikeli haisahau; hata kifungo cha suruali kinaweza kukuwasha baadaye.

Kwa hiyo kuchovya tena juu ya msalaba uliochakaa ni kuahirisha. Sonara mkweli atakwambia hivyo, kama yule alivyosema, ingawa kusema hivyo kunamkosesha kazi ya haraka.

Fedha halisi, ile wanayoiita silva, hugongwa muhuri wa 925: sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha, na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba ya kuipa ugumu. Msalaba wa gramu 4 wa aina hiyo una fedha tupu gramu 3.7. Kwa dhahabu, karati 18 ni 750 kati ya 1,000, karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Lakini muhuri unagongwa na mkono wa mtu, na mkono unaweza kudanganya. Sumaku nayo inasaidia nusu tu. Ikiuvuta msalaba, basi una chuma au nikeli ndani. Isipouvuta bado hujajua kitu, maana shaba haivutwi, na chuma cha pua kilicho kizuri hakivutwi pia.

Kipimo kizuri kisichoharibu ni mizani na maji. Sonara mwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu aupime msalaba kwanza ukiwa mkavu, kisha aupime ukining'inia kwa uzi ndani ya glasi ya maji bila kugusa chini. Msalaba wa fedha ya 925 wenye gramu 10.3 utapungua karibu gramu 1 majini. Wa shaba na zinki wenye uzito huo huo utapungua karibu 1.2, na wa chuma cha pua karibu 1.3. Kama una jiwe au uwazi ndani, kipimo hiki hakifai. Kuna pia asidi ya naitriki kwenye mkwaruzo: shaba inatoa povu la kijani, fedha inageuka rangi ya maziwa. Hiyo mwachie fundi, usiijaribu nyumbani.

Sehemu inayokufa kwanza, hata kwenye msalaba mzuri, ni kile kipete cha juu kinachopitishwa cheni. Kikiachwa wazi bila kulehemiwa kinafunguka taratibu, siku moja unashika kifua na hakuna kitu. Mwambie fundi akilehemu. Kwa msalaba wa kuchovya haiwezekani bila kuharibu rangi, kwa sababu moto wa lehemu unaunguza tabaka la juu. Kwa msalaba wenye tanzanaiti, jiwe litolewe kwanza. Misalaba hiyo inayouzwa kwa watalii mitaa ya Mnara wa Saa ni mizuri kutazama, ila tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 tu, inapasuka ikipata joto la ghafla, na haifai kabisa kwa mashine ya kusafishia ya mtetemo. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto vinatosha.

Na ile sanamu ya Yesu juu ya msalaba: angalia kama imepigwa ribiti au imebandikwa kwa gundi. Gundi haishindani na jasho na manukato.

Rozari haina kifungio

Rozari kamili ina shanga 59. Ndogo ni 53 za Salamu Maria, kubwa ni 6 za Baba Yetu. Zihesabu kabla ya kulipa. Hizi za plastiki zinazomwagwa kwa mafungu mara nyingi zina kundi la Salamu Maria lenye shanga 9 au 11 badala ya 10, na anayeumia ni bibi anayesali gizani kwa kuhesabu kwa vidole.

Hakuna kifungio kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya mkono. Vijana wanaivaa kama cheni, na cha kwanza kukatika ni kiungo cha katikati, pale mkia unapoungana na duara, kwa sababu uzito wote wa msalaba unavuta pale. Sijakutana na kanuni ya Kanisa Katoliki inayosema moja kwa moja kwamba ni marufuku kuivaa. Kuna kanuni ya 1171 inayotaka vitu vilivyobarikiwa vitendewe kwa heshima hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Kwa maoni yangu, kijana anayeivaa na kuisali amefanya jambo jema kuliko aliyeitundika kwenye kioo cha gari na hajui Fumbo la kwanza la Matendo ya Furaha.

Fundi astahili ujira wake

Kuna watu wanaochukia biashara yote ya vitu vya dini. Wanamtaja Bwana akipindua meza hekaluni, na wamemaliza. Siwezi kuwafuata mpaka huko. Mtu aliyekaa saa nzima ameinamia moto wa gesi, akafua, akapiga tupa, akapiga msasa, lazima alipwe. Bei yake inaeleweka: gramu mara bei ya fedha ya siku hiyo, ongeza kidogo kwa vumbi linalopotea kwenye tupa, ongeza ufundi. Muulize, atakuonyesha kwenye mizani. Hata maduka ya vitu vya ibada ya parokia na ya masista yanauza kwa faida, na faida hiyo inasomesha watu.

Biblia yenyewe inatuonyesha mahali inapoharibika. Katika Matendo 19 kuna Demetrio wa Efeso, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi. Anawaita mafundi wenzake kuwachochea dhidi ya Paulo. Sababu ya kwanza anayoitaja ni kipato chao. Heshima ya mungu wao inafuata baadaye, na baada ya hapo mji mzima unapiga kelele za dini kwa saa mbili.

Kipato kwanza, kisha dini ikaitwa kuja kukilinda.

"Umeshaombewa"

Msalaba wa yule mama, kwa madini na kazi yake, haukuzidi thamani ya msalaba wa kawaida wa mezani pale sokoni. Alilipa bei inayozidi hiyo mara nyingi. Ile tofauti ililipia nini? Ililipia maneno mawili: "Umeshaombewa, usiuvue."

Hapo ndipo jambo linapogeuka. Simoni wa Samaria, katika Matendo 8, alitaka kununua uwezo wa mitume kwa fedha, na Petro akamkemea vikali mno. Sisi leo tunamkuta Simoni amekaa upande wa pili wa meza, anauza.

Kwa Wakatoliki utaratibu uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 1305, ilisema kitu kilichobarikiwa kinapoteza baraka yake kikianikwa hadharani kwa kuuzwa, au kikiharibika hata kupoteza umbo lake. Sheria ya sasa ya 1983 haikurudia maneno hayo yote, lakini utaratibu wa rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi unaotolewa na Kanisa, bado unasema rehema iliyoambatanishwa na kitu cha ibada inakoma kitu hicho kinapoharibiwa kabisa au kinapouzwa. Maana yake kwa mnunuzi ni rahisi sana: nunua kwanza, kisha peleka kibarikiwe. Anayekuuzia kilichokwisha kubarikiwa na kukutoza kwa ajili ya baraka hiyo anakuuzia kitu ambacho mauzo yenyewe yameshakiondoa.

Walutheri, ambao ni wengi sana Moshi na Arusha, wanaanzia kwingine. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anafundisha Mkristo ajiwekee ishara ya msalaba asubuhi akiamka na jioni akienda kulala. Anaiweka mkononi mwa mtu, bure, kila siku. Wasabato kwa desturi hawavai vito, na pale Upareni utawakuta wengi wanaoishi imani yao kwa uthabiti bila hata kipini sikioni.

Lakini leso za Paulo je?

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, na sitaki kupita haraka.

Ingekuwa rahisi kusema kitu ni kitu tu, madini ni madini. Lakini Matendo 19 hiyo hiyo, mistari michache kabla ya Demetrio, inasimulia leso na nguo za Paulo zikipelekwa kwa wagonjwa, nao wakapona. Mwanamke mwenye kutokwa damu aligusa pindo la vazi la Yesu. Medali ya Mtakatifu Benedikto, iliyoidhinishwa na Papa Benedikto XIV mwaka 1742, ina herufi za mwanzo za maneno ya sala ya Kilatini ya kumkataa shetani: C S S M L wima, N D S M D mlalo, na herufi 14 kuzunguka ukingo. Kanisa lenyewe linaomba ulinzi kupitia medali hiyo. Sasa mstari uko wapi kati ya medali hiyo na hirizi anayoifunga mganga?

Katekisimo ya Kanisa Katoliki inajibu kwenye namba 2111: ni ushirikina kudhani sala au ishara takatifu inafanya kazi kwa tendo la nje tupu, bila moyo unaotakiwa. Namba 2117 inataja kuvaa hirizi waziwazi kuwa ni kosa. Jibu zuri, ila moyo hauonekani. Nitaujuaje wa kwangu?

Kilichonifungulia njia ni nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Mungu mwenyewe anamwagiza Musa amtengeneze, na aliyeumwa akimtazama anapona. Hakuna kitu cha ibada chenye asili safi kuliko hicho. Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Maandiko yanamsifu kwa tendo hilo.

Hivyo asili nzuri haitoshi. Kitu kinaweza kuwa kilianza kwa agizo la Mungu, kikaponya watu kweli, na bado siku ikafika mtu mcha Mungu akachukua nyundo.

Majengo

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tatizo lote ni bei. Kisha nikaikumbuka Majengo.

Jioni ya Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo hapa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wagonjwa, mama zetu, watoto. Walikuja kutafuta nafuu. Sitaki kuwasemea vibaya hata kidogo. Mwenye shida hutafuta mahali anapoambiwa kuna msaada.

Kilichowasukuma mbele dakika ile hakikuwa bei. Ilikuwa imani kwamba neema iko pale, kwenye kipande kile cha ardhi, na wa nyuma atakosa.

Hicho ndicho biashara imetufundisha bila sisi kujua. Kwamba neema inaweza kuisha. Kwamba kuna "chache zimebaki", kuna waliowahi na waliochelewa, kuna mafuta ya kawaida na ya daraja la juu, kuna kitambaa cha ndoa na stika ya gari na maji ya kunyunyiza dukani. Unaweza kugawa bure na bado ukawa unaendesha soko, ikiwa umewaaminisha watu kwamba kitu ni haba. Na ukiwaaminisha kwamba ni haba, woga unafanya kazi iliyobaki.

Injili ya Mathayo 10:8 inasema mmepata bure, toeni bure. Nilizoea kuusoma mstari huo kama marufuku ya kutoza. Sasa nausoma pia kama habari ya wingi: kilichopatikana bure namna ile hakina foleni.

Kuuvua

Kwa hiyo kwa yule mama, na kwa yeyote anayejiuliza kama yeye, kipimo ninachokiamini ni hiki: uvue usiku wa leo, uweke kwenye kisahani, lala.

Kama umelala, ni msalaba. Kama moyo unakwenda mbio, unahesabu mabaya yatakayokupata kabla ya asubuhi, basi umeuziwa woga na umeuvaa. Usijilaumu. Mwambie mchungaji au padre wako, sali Baba Yetu, uvue tena kesho.

Mwaka 379 huko Ponto, katika Uturuki ya leo, alifariki Makrina, dada yake askofu Gregori wa Nisa. Gregori anaandika kwamba walipokuwa wakimwandaa kwa maziko walimkuta na msalaba wa chuma na pete ya chuma, vimening'inia kwa kamba nyembamba chini ya nguo. Familia yao ilikuwa na mali ya kutosha kumfulia wa dhahabu. Alivaa chuma, ndani ya nguo, na baada ya kifo chake msalaba ukapewa mwenzake wa karibu. Hakuna aliyeogopa kuutoa shingoni mwake.

Na swali la kuyeyusha? Maombi yaliombwa kwa Mungu, kwa ajili ya mtu. Hayakuhifadhiwa ndani ya shaba, kwa hiyo moto hauyafikii. Msalaba uliobarikiwa ukivunjika au kuchakaa, desturi ya Wakatoliki ni kuuchoma kama ni wa mti, kuuzika kama hauungui, au kuuyeyusha mpaka umbo lipotee. Sonara asiutupe kwenye taka za karakana, na asiuuze kama chakavu ukiwa bado na umbo la msalaba. Auyeyushe kwanza. Ukiwa na shaka, mpelekee padre, atakusaidia.

Msimu wa kipaimara unakuja

Nyumba nyingi za Moshi na Arusha zitanunua cheni na msalaba kwa ajili ya mtoto wa kipaimara, na wazazi wa ubatizo wataulizana mabei. Yafuatayo yatawasaidia.

Gramu 2 mpaka 3 za fedha ya 925 zinamtosha mtoto. Cheni iwe ya sentimita 40 mpaka 45, nyembamba kiasi kwamba ikinaswa mchezoni ikatike yenyewe badala ya kumkaba. Kipete kilehemiwe mbele yako. Kusiwe na mawe ya kubandika. Kama ngozi ya mtoto ni nyepesi kuwashwa, fedha isichovywe rangi yoyote; ikipata weusi, tandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, mimina maji ya moto, kijiko kimoja cha baking soda ya maandazi, uzamishe dakika chache, suuza, kausha.

Omba risiti yenye mistari mitatu: uzito, kiwango cha fedha, gharama ya ufundi. Ukiona mstari wa nne, rudisha. Kisha, kwa Mkatoliki, siku ya Jumapili baada ya misa, mtoto mwenyewe aupeleke kwa padre kubarikiwa. Mkitaka kutoa sadaka, itieni kwenye kapu pamoja na za wengine.